Ugonjwa Unaojificha Ndani ya Kiu: Historia ya Kisukari na Funzo Lake kwa Mwenye Kufunga



Ndugu msomaji, shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Tazama watu wakati wa alasiri, saumu inapokolea. Midomo imekauka, macho mazito, mtu akiinuka ashika kiuno na kusema, "Leo kumekuwa na kiu!" Hakuna amuulizaye mwenzake kwa nini ana kiu. Jibu lajulikana: amefunga.

Sasa hebu fikiri. Kuna ugonjwa ambao dalili zake za mwanzo ni hizo hizo: kiu, kinywa kukauka, uchovu, macho kuona ukungu na mwili kupungua. Katika miezi mingine dalili hizi huenda zikamshtua mtu. Katika Ramadhan zapita mbele ya macho ya nyumba nzima, na kila mmoja asema ni saumu. Ugonjwa huo ni kisukari.

Nimeonelea mwaka huu nisiandike tu orodha ya dalili, kwani orodha husomwa ikasahauliwa. Nataka tuitazame historia. Tuone wanadamu walivyosumbuka kwa maelfu ya miaka kuutambua ugonjwa huu, na sehemu waliyokuwa nayo matabibu wa Kiislamu, kisha tujiulize: iwapo wao waliuona bila mashine, sisi wenye kipimo cha tone moja la damu tuna udhuru gani?

WALIOANZA NA CHUNGU

Matabibu wa India ya kale ni miongoni mwa wa mwanzo kuueleza ugonjwa huu waziwazi. Waliuita madhumeha, maana yake mkojo wa asali. Walijuaje kuwa una utamu? Waliona chungu, wale sisimizi wadogo wa nyumbani, wakikusanyika mahali mgonjwa alipokojoa. Jambo dogo kabisa, la uani, ambalo wengi wangelimwagia maji na kupita. Wao walilifanya kuwa kipimo. Wakaona pia kuwa wagonjwa si namna moja. Wako vijana wembamba wanaodhoofika haraka, na wako watu wazima wanene, walao sana na kukaa sana, ambao huishi nao muda mrefu. Mgawanyo huo haukupishana sana na ule wa hospitali za leo: aina ya kwanza na aina ya pili.

Kwa Wayunani, tabibu Aretaeus wa Kapadokia, katika karne za mwanzo Miladia, aliueleza kwa namna ya kutisha: mwili wayeyuka na kutoka kwa njia ya mkojo, na kiu haikatiki hata mgonjwa akinywa vipi. Neno diabetes latokana na Kiyunani, lenye maana ya kitu kinachopitisha maji kama mrija. Galen, tabibu mashuhuri wa Roma, aliandika kuwa yeye aliuona mara mbili tu. Huenda kweli ulikuwa nadra. Lakini huenda pia wengi walifika mbele ya matabibu wa zama zile wakiwa na kiu na uchovu tu, wakapewa dawa ya kitu kingine.

DULABU LA MAJI

Vitabu vya Wayunani vilipofasiriwa kwa Kiarabu, matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu hawakuvihifadhi tu kama vitu vya kale. Walivisoma, wakavipima kwa wagonjwa wao, wakaongeza.

Abu Ali Ibn Sina alizaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadan mwaka 1037. Kitabu chake Al-Qanun fit-Tibb kina juzuu 5. Kilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, na kikasomeshwa katika vyuo vya Ulaya mpaka karne ya 17. Ndani yake ameueleza ugonjwa huu na kuutajia majina kadhaa. Moja ya majina hayo ni dulabu, yaani lile gurudumu la kuchotea maji kisimani au mtoni. Mfano ulioje! Gurudumu lashuka, lajaza maji, lapanda, layamwaga, kisha larudi chini tena. Ndivyo alivyo mgonjwa: anywa, akojoa, aona kiu, anywa tena, na mwili haubakiwi na kitu.

Ibn Sina hakuishia kwenye kiu na mkojo. Alitaja utamu wa mkojo, kupotea kwa nguvu za kiume, na kuoza kwa viungo. Tazama vizuri. Mtu aweza kuja na kidonda cha kidole cha mguu, mwingine akaja kwa siri na tatizo la ndoa yake. Kwa juu hayo ni mambo mawili yasiyohusiana. Mwenye elimu huuliza: je, mizizi yake si mmoja? Miongoni mwa dawa zinazotajwa kutoka kwake ni mbegu za uwatu, hizi hizi ambazo mabibi zetu hapa pwani huziloweka. (Tahadhari: uwatu ni chakula kizuri, lakini usimuachishe mgonjwa dawa zake kwa ajili ya uwatu.)

Baada yake alikuja Abdul-Latif Al-Baghdadi (1162–1231), aliyeandika risala nzima juu ya ugonjwa huu peke yake. Zama zile wachache waliuona ugonjwa huu kuwa wastahili kitabu chake wenyewe.

TABIBU ALIYEANDIKA ALICHOSAHAU KUULIZA

Lakini katika historia yote hii, mimi hunigusa zaidi habari moja ya Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya Ar-Razi. Yeye alitoka mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo, akawa mkuu wa hospitali huko na pia Baghdad, na akafariki takriban mwaka 925. Ndiye aliyeandika kitabu mashuhuri cha kutofautisha ndui na surua, maradhi mawili ambayo siku za mwanzo yafanana: homa, macho mekundu, mwili kuuma. Yeye alisema tazameni vidogo: maumivu ya mgongo huelekeza zaidi kwenye ndui, na wasiwasi na kichefuchefu kwenye surua.

Ar-Razi alikuwa na ada ya kuandika habari za wagonjwa wake, na baada ya kufa kwake maandishi yake yalikusanywa katika kitabu kikubwa, Al-Hawi. Humo mna habari ya mgonjwa mmoja, Abdallah bin Sawada. Alikuwa akipatwa na homa za kuja na kuondoka: mara kila siku, mara siku moja baada ya nyingine, mara baada ya siku kadhaa. Kabla ya homa alitetemeka kidogo, na alikwenda haja ndogo mara nyingi. Ar-Razi alisema ama homa hizi zitageuka kuwa homa ya vipindi, ama figo zina kidonda. Haukupita muda mrefu mgonjwa akatoa usaha katika mkojo. Kumbe zilikuwa figo.

Kisha Ar-Razi akaandika sababu iliyomfanya asikate shauri mapema. Mgonjwa alikuwa na historia ya homa za namna ile, kwa hivyo ilikuwa rahisi kudhani ni zile zile. Pia mgonjwa hakumwambia kuwa akisimama ahisi uzito kiunoni, na yeye Ar-Razi hakumuuliza.

Subhanallah! Mkuu wa hospitali, mwalimu wa matabibu, aandika kwa mkono wake: sikuuliza. Hakuficha, ili wanafunzi wake wajifunze. Na somo lenyewe lina pande mbili: mgonjwa hakusema, na tabibu hakuuliza. Katikati ya kimya hicho ndipo ugonjwa ulipokaa.

Miaka michache baadaye, mwaka 931 (319 Hijria), Khalifa Al-Muqtadir alipata habari kuwa mtu mmoja amekufa kwa kosa la tabibu. Akaamuru asitibu mtu ila aliyetahiniwa na Sinan bin Thabit. Waliofanyiwa mtihani Baghdad peke yake walikuwa zaidi ya 800, na hapo hawakuhesabiwa wale waliokwisha kujulikana kwa umahiri wao. Yaani wazee wetu walielewa kuwa kutotambua ugonjwa kwaweza kuua sawa na ugonjwa wenyewe.

KUTOKA ULIMINI HADI SINDANO

Huko Ulaya, Thomas Willis wa Uingereza aliandika juu ya utamu wa mkojo wa wagonjwa hawa katika miaka ya 1670. Naam, walionja kwa ulimi! Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool alichapisha habari ya kuukausha mkojo wa mgonjwa kwa moto, akabakiwa na kitu cheupe chenye ladha ya sukari. Akaona pia kuwa hata maji ya damu ya mgonjwa yana utamu. Hapo ikajulikana kuwa ugonjwa si wa figo tu, kama wengi walivyodhani. Sukari iko ndani ya damu yenyewe.

Mwaka 1889, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, wakiwa Strasbourg, walimtoa mbwa kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Mbwa akaanza kukojoa ovyo, na mkojo wake ukawa na sukari. Basi chanzo kikajulikana, lakini dawa bado. Mtoto aliyepatwa na aina ya kwanza alipewa chakula kidogo mno ili aishi miezi michache zaidi, na wazazi wakakaa wakimtazama akikonda mpaka mwisho.

Mwaka 1921, huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifaulu kutoa maji ya kongosho yanayoshusha sukari, wakisaidiwa na James Collip katika maabara ya John Macleod. Tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa sindano ya kwanza. Uzito wake ulikuwa chini ya kilo 30. Dawa haikufaa sana siku hiyo. Collip akaisafisha, na tarehe 23 Januari akadungwa tena. Sukari ikashuka, nguvu zikarudi, na Leonard akaishi miaka 13 zaidi. Hati ya ugunduzi wa insulini ilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa bei ya dola moja moja tu, ili isiwe biashara ya mtu mmoja. Tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, ndiyo leo Siku ya Kisukari Duniani.

BASI KWA NINI BADO TWAPITWA?

Ndugu msomaji, utauliza: ikiwa kipimo kipo na dawa ipo, shida iko wapi? Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 537 duniani wana kisukari, na karibu nusu yao hawajui. Kwetu Afrika wasiojua walikuwa zaidi ya nusu. Mtu aweza kuishi na aina ya pili miaka kadhaa pasina kujua, na muda wote huo sukari yala mishipa ya macho, ya figo na ya miguu, pole pole kama mchwa ndani ya boriti.

Sababu yake ni kuwa kila dalili ina jina jingine la kuiita. Kukojoa usiku: "Ni uzee huo." Kuona ukungu: "Nataka miwani." Ganzi ya miguu: "Ni baridi." Uchovu: "Ni kazi." Kukonda: "Mashallah, umepungua, umependeza!" Muwasho sehemu za siri unaorudi kila mara: kimya, kwani ni aibu kusema.

Mtaani kwetu kulikuwa na mzee mmoja, fundi hodari wa kushona kanzu. Ramadhan moja alikuwa akifungua kwa jagi zima la sharbati peke yake, na vijana tukimtania kuwa babu anywa kama ngamia. Usiku katika tarawehe alitoka kila baada ya rakaa chache kwenda chooni. Baada ya Idi viatu vilimchubua kidole, na kidonda hakikupona. Alipopimwa sukari, mguu ulikuwa umekwisha kuharibika, ukakatwa chini ya goti. Hakuna tulichokosa kukiona. Kiu tuliiona, choo tulikiona, na mwili wake kupungua tuliuona. Tulichokosa ni mtu wa kuviunga pamoja, kama Ibn Sina alivyounga kiu na kidonda.

Na kwa watoto hali ni ya hatari zaidi, kwa sababu aina ya kwanza yaja kwa haraka. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani aanza tena. Anywa maji kupita kiasi, akonda ilhali ala. Kisha atapika, tumbo lamuuma, ahema kwa nguvu, na pumzi yake yanuka kama matunda yaliyoiva mno. Hapa kwetu mtoto akiwa taabani na akitapika, wazo la kwanza ni malaria au taifodi. Ni kosa lile lile lililomnyemelea Ar-Razi: ugonjwa uliozoeleka huufunika ule usiozoeleka. Pima malaria, sawa, lakini sema pia, "Daktari, tafadhali mpime na sukari." Maneno hayo machache yaweza kuokoa roho, kwani mtoto huyo asipopata insulini kwa haraka aweza kufa kwa siku chache.

KIU YA SAUMU NA KIU YA UGONJWA

Sasa turudi katika mwezi wetu. Utatofautishaje?

Kiu ya saumu hukatika. Ukifungua kwa tende na maji, ukala futari, mpaka kufikia isha mwili umetulia. Na mwenye kufunga hukojoa kidogo mchana, kwa kuwa hakunywa. Kiu ya kisukari haikatiki kwa kunywa, na mwenye nayo hukojoa sana hata akiwa amefunga, na usiku aamka mara tatu, mara nne. Mtu asiyekunywa tangu daku ilhali choo hakimwachi, huyo asisubiri Idi. Na aende akapimwe.

Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni, na maulamaa wengi wa zama hizi wamesema hakifunguzi. Kipimo cha kabla ya kula chataka mtu akae saa 8 bila chakula, na mwenye kufunga ikifika alasiri amekwisha kuzipita. Ikiwa sukari ya kabla ya kula ni 7.0 au zaidi, au ya wakati wowote ni 11.1 au zaidi pamoja na dalili, basi daktari ataithibitisha na kuanza matibabu.

Na kwa wale wanaojijua kuwa ni wagonjwa, nina neno kwao pia. Utafiti mkubwa uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 kwa wagonjwa zaidi ya 12,000 ulionyesha kuwa karibu wanane katika kila kumi wenye aina ya pili walifunga angalau siku 15, na kushuka kwa sukari kwa namna ya hatari kuliongezeka katika Ramadhan mara kadhaa kuliko miezi mingine. Sukari ikishuka, mtu atokwa na jasho, atetemeka, moyo wamwenda mbio, achanganyikiwa, hata aonekana kama mlevi. Watu husema, "Ni njaa tu, vumilia, magharibi yakaribia." La hasha! Miongozo ya madaktari yasema sukari ikiwa chini ya 3.9, au ikipita 16.6, mgonjwa afungue hapo hapo. Na asiache wala kugeuza saa za dawa zake kwa shauri la barazani. Amuone daktari mapema, wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhan, na amuulize na mwanachuoni anayemuamini.

Madrasa sote tulisomeshwa kuwa mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake katika Suratul Baqarah, Aya ya 184 na 185. Ruhusa ile si ya watu dhaifu wa imani. Ni rehema, na rehema ya Mola haikataliwi kwa kuogopa majirani watasema nini.

NENO LA KUFUNGIA

Historia hii yatuonyesha kitu kimoja. Waliougundua ugonjwa huu hawakuwa na macho makali kuliko yetu. Mmoja alitazama chungu uani, mwingine akaunga kiu na kidonda, na mwingine akaandika swali alilosahau kuuliza. Kazi hiyo hata wewe waiweza, jioni ya leo, mkikaa kwenye mkeka wa futari. Mtazame baba, mtazame bibi, mtazame mdogo wako. Anywaye kupita wote, aamkaye usiku kupita wote, ambaye kanzu yake imeanza kumpwaya, muulize kwa upole na heshima: "Baba, kiu hii yako yakatika?"

Asipojibu, mngojee mpaka amalize kula, kisha muulize tena. Na kesho fuatana naye kwenye kipimo.

Allah atutakabalie saumu zetu, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie macho ya kuona na ndimi za kuuliza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.